Konokono katika Chupa

Wasikilizaji wangu, mtu aendaye sokoni kununua samaki humtazama macho na mashavu, humnusa, kisha ndipo apatane bei. Akirudi nyumbani akaona ameoza, majirani humcheka kwamba hakutazama. Zamani sheria ya Waingereza nayo ilishika kanuni kama hiyo: mnunuzi na ajihadhari mwenyewe. Lakini je, kitu kilichofungwa kiwandani, kisichoonekana wala kunuswa, atakichunguzaje?

Bunge la Uingereza lilitunga Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa ya mwaka 1893. Kwa sheria ile, mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu na mfanya biashara wa vitu vya namna ile aliweza kumdai fidia. Lakini mapatano ya bei yalikuwa ya watu wawili tu, muuzaji na mnunuzi. Mtu wa tatu hakuwa na dai.

Hata tarehe 26 Agosti 1928, katika mji wa Paisley huko Uskochi, Bibi May Donoghue aliketi mkahawani na rafiki yake. Rafiki ndiye aliyenunua kinywaji cha tangawizi, na chupa yake ilikuwa ya kioo cheusi kisichopenya nuru. Bibi Donoghue akanywa kidogo. Rafiki alipomimina kilichobaki, alisema bibi yule, akatoka konokono aliyeoza. Bibi akadai kwamba ameugua tumbo.

Angemshtaki nani? Mwenye mkahawa hakuweza kuona ndani ya chupa, wala bibi hakununua kitu kwake. Kwa hiyo akamshtaki mtengenezaji, Bwana David Stevenson, akidai paundi 500. Naye alikuwa mfanya kazi wa dukani, maskini hata ikambidi kuapa kwamba mali yake haifiki paundi 5, apate ruhusa ya kuendesha daawa bila ya kutozwa gharama.

Kesi ikapanda mpaka Baraza la Malodi, lililokuwa wakati ule mahakama ya juu kabisa. Tarehe 26 Mei 1932 waamuzi watatu walikubaliana na bibi, wawili wakakataa. Lodi Atkin alikumbusha swali aliloulizwa Yesu na mwanasheria, juu ya nani aliye jirani. Akaeleza kwamba katika sheria jirani yako ni yule ambaye kazi yako yaweza kumdhuru, nawe ulipaswa kumfikiri ulipokuwa ukiifanya. Basi atengenezaye chakula au kinywaji na kukifunga, kisifunguliwe mpaka kimfikie mlaji, ana wajibu wa kujihadhari kwa ajili ya mlaji huyo, ingawa hamjui wala hakupokea fedha yake.

Bwana Stevenson akafa mwaka uo huo, na wasimamizi wa mali yake wakapatana na bibi. Hivyo habari ya konokono haikuthibitishwa kamwe mbele ya hakimu, bali kanuni ilisimama, ikaenea katika nchi nyingi zilizofuata sheria ya Kiingereza. Huku kwetu, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mtumiaji haki ya kupata bidhaa zilizo njema, na kufidiwa akidhurika kwa kasoro zake.

Kwa hiyo, msikilizaji, kujihadhari kungali wajibu wa mnunuzi kwa yale ayaonayo. Lakini kwa yale yaliyofichwa ndani ya chupa, mwenye kuifunga ndiye atakayeulizwa.