Jinsi Ulaya inavyoziingiza biashara ndogo katika utafiti wa umma

BIASHARA ndogo na za wastani ni takriban asilimia 99 ya biashara zote katika nchi za Umoja wa Ulaya. Hata hivyo, nyingi hazina maabara wala wanasayansi, na bila kanuni maalumu fedha za walipa kodi zinazotengewa utafiti huelekea kuishia katika vyuo vikuu na kampuni kubwa.

Jambo la kwanza ni kutambua nani anayestahili kusaidiwa. Kwa mujibu wa fasili iliyoanza kutumika mwaka 2005, biashara ya aina hii sharti iwe na wafanyakazi wasiofika 250, na ama mauzo ya mwaka yasiyozidi yuro milioni 50 au mali isiyozidi yuro milioni 43 katika mizania yake. Kampuni tanzu huhesabiwa pamoja na kampuni mama, ili wakubwa wasijivike ngozi ya wadogo.

Mpango wa kwanza wa pamoja wa utafiti ulianza mwaka 1984. Katika mpango wa saba, wa 2007 hadi 2013, biashara ndogo ziliweza kulipiwa hadi asilimia 75 ya gharama za utafiti, ilhali kampuni kubwa kwa kawaida zililipiwa nusu. Uliundwa pia mfuko wa dhamana uliopunguza haja ya kutafuta dhamana ya benki. Biashara zisizo na maabara ziliweza kuungana na kukipa chuo kikuu kazi ya utafiti. Matokeo, kwa kanuni ya msingi, yalikuwa mali yao.

Mpango uliofuata, Horizon 2020, uliiruhusu kampuni moja kuomba peke yake pasipo kutafuta washirika wa nchi nyingine. Hatua ya kwanza ilitoa yuro 50,000 za kuchunguza iwapo wazo lina soko. Ya pili ilitoa kati ya yuro 500,000 na milioni 2.5. Waombaji walifurika, na waliofaulu hawakufika mmoja katika kila kumi. Ruzuku ya hatua ya kwanza ilikomeshwa mwaka 2019.

Chini ya Horizon Europe, mpango wa 2021 hadi 2027 ambao mwanzoni ulitengewa yuro bilioni 95.5, jukumu hilo liko kwa Baraza la Ubunifu la Ulaya. Mbali na kutoa ruzuku, linaweza kununua hisa katika kampuni changa, kwa kuwa uvumbuzi mwingi hufa kati ya maabara na soko kwa kukosa mtaji.

Taasisi za Kenya zinaweza kushiriki na kulipwa katika miradi mingi ya Horizon Europe, lakini mtaji huo wa hisa ni wa kampuni zilizosajiliwa katika nchi wanachama au washirika wa mpango.

Historia hii yaonyesha kwamba kutenga fedha pekee hakutoshi. Mfanyabiashara mdogo anaweza kukwamishwa na sehemu ya gharama anayotakiwa kuchangia, dhamana anayodaiwa, au kupokonywa haki ya kumiliki alichokigharimia.