Hukumu Zilizopatikana kwa Kuuliza

Mwanafunzi wa fiqhi katika mwambao wetu huhifadhi mapema kuwa uchache wa hedhi ni mchana mmoja na usiku wake, wingi wake ni siku kumi na tano, na aghalabu ni siku sita au saba. Ukimtaka dalili, husita, kwani haoni Aya wala Hadithi sahihi yenye hesabu hiyo. Mafaqihi wetu wenyewe wameandika kuwa dalili yake ni istiqraa, yaani kufuatilia hali za watu mmoja mmoja mpaka kanuni idhihiri.

Imamu Shafi (R.A.), aliyezaliwa Ghaza mwaka 150 Hijria (767) na kufariki Misri mwaka 204 (820), aliwakuta wanazuoni wa Iraq wakisema uchache ni siku tatu na wingi ni kumi. Katika Al-Umm anawajibu kwa kutaja watu: mwanamke aliyethibitishiwa kuwa hedhi yake haizidi siku moja, wengine wasiofika siku tatu, na wengine wanaofikia kumi na tano. Tazama neno hilo, "aliyethibitishiwa". Hakuchukua uvumi.

Wala si suala dogo. Mwanamke ambaye damu yake imeingia siku ya kumi na mbili, aswali au asiswali? Kwa Hanafi hiyo ni istihadha, na swala inamlazimu. Kwa Shafi bado yumo hedhini, na swala ni haramu kwake.

Tusidhani, hata hivyo, kuwa watu wa Iraq hawakuuliza. Muhammad bin Hassan Al-Shaybani (aliyefariki mwaka 189/805), ambaye Shafi alisoma kwake, imepokewa kuwa alikuwa akiwaendea watia rangi nguo na kuwauliza namna wanavyoamiliana. Leo tunasikia fatwa za pesa za simu kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kumwuliza wakala hata mmoja kamisheni yake inatoka wapi!

Na kabla yao wote kuna Sayyidna Umar (R.A.). Imepokewa kuwa katika doria zake za usiku alimsikia mwanamke akilalamikia upweke, mumewe yuko jihadini. Hakutoa amri papo hapo. Alimwendea binti yake, Bi Hafsa (R.A.), akamwuliza mke aweza kumvumilia mumewe asiyekuwapo kwa muda gani. Bi Hafsa aliona haya, naye akamweleza kuwa lau si maslahi ya Waislamu asingemwuliza. Riwaya zinatofautiana, nyingine miezi minne, nyingine sita. Na kwa jibu hilo Umar akawawekea askari wake muda wa kukaa vitani.

Maimamu wetu huletewa suala hilohilo na wake ambao waume zao wako Ghuba kwa kazi, mwaka wa pili au wa tatu sasa. Wengi wa wake hao hawajaulizwa chochote. Wallahu a'lam.