Prayag: Mji wa Majina, Nguzo ya Lugha

Penye makutano ya Ganges na Yamuna, kaskazini mwa India, ndipo ulipo mji wa Prayag, yaani mahali pa kafara, wanakohiji Wahindu ili kuoga mtoni. Mwaka 1583 mfalme Akbar alijenga ngome hapo. Jina likageuka Illahabas, kisha Allahabad. Mwaka 2018 serikali ya jimbo ikaamuru Prayagraj. (Sisi wa Lubumbashi, iliyoitwa Élisabethville hadi 1966, hatushangai.) Mwanaisimu afadhali aitazame nguzo ya mawe iliyomo ngomeni: Ashoka alichongesha amri zake kwa Kiprakriti, Samudragupta sifa zake kwa Kisanskriti, Jahangir nasaba yake kwa Kiajemi. Kwa bahati mbaya, Kiajemi hicho kilichongwa juu ya mistari kadhaa ya Ashoka, nayo haisomeki tena.