Ryukyu Baada ya 1609: Ufalme Ulioshindwa Bila Kufutwa

Mwaka 1609, askari wapatao 3,000 wa ukoo wa Shimazu, watawala wa Satsuma kusini mwa Japani, walivuka bahari kwa idhini ya Tokugawa Ieyasu na kuuteka ufalme wa Ryukyu. Mfalme Shō Nei alichukuliwa mateka hadi Japani. Hakurejea mpaka 1611, baada ya kula kiapo cha utii kwa Shimazu. Waziri wake, Jana Rizan, alikataa kukitia saini kiapo hicho, akauawa.

Linalostahili kuchunguzwa si ushindi huo, uliopatikana upesi, bali namna ulivyofichwa. Satsuma ilijitwalia visiwa vya Amami na kutoza kodi, lakini kiti cha ufalme ilikiacha. Sababu ilikuwa biashara: dola ya Ming ilikataa uhusiano rasmi na Japani, ilhali merikebu za Ryukyu zilizopeleka tunu za utii ilizipokea. Kwa hiyo, kila wajumbe wa China walipowasili kumtawaza mfalme, maofisa wa Satsuma walijificha nje ya mji. (Iwapo Wachina walidanganyika kweli ni suala jingine.) Huko Edo hali ilikuwa kinyume: wajumbe wa Ryukyu walitakiwa waonekane wageni hasa, kwa mavazi na muziki wao, ili umma ushuhudie shoguni akitiiwa na mfalme wa ng'ambo.

Uwili huo uliwafunga wafalme wa Ryukyu, lakini pia uliwalinda: hila yenyewe haikuwezekana bila mfalme. Ulinzi huo uliisha 1879, Japani ya Meiji ilipoufuta ufalme na kuunda mkoa wa Okinawa.