Liongo ni wa Nani?

Zaidi ya miaka 200 iliyopita, Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, mshairi wa Pate tunayemjua kwa Al-Inkishafi, alilichukua shairi linalonasibishwa na Fumo Liongo akalitia takhmisi. Kila palipokuwa na mishororo miwili ya Liongo, yeye aliitangulizia mitatu yake, ubeti ukatimia mitano. Maneno ya mwenyewe aliyaacha kama alivyoyakuta. Askofu Edward Steere alipochapa kitabu chake cha hadithi za Unguja mwaka 1870, shairi hilo liliingia humo likiwa na sauti mbili: ya shujaa wa kale na ya Sharifu aliyekuja karne nyingi baadaye. Mwaka 1913 Muhammad Kijumwa wa Lamu akamtungia Liongo huyohuyo utendi mzima, wenye mama, mtoto msaliti na sindano ya shaba kitovuni. Hakuna aliyemwandikia mtu barua ya kuomba ruhusa.

Siku hizi kazi ya namna hiyo huitwa hadithi za mashabiki. Msomaji aliyependa kitabu huwachukua wahusika wake na kuwaendeleza: anamfufua aliyekufa, anamwoza aliyeachwa, anampa sauti yule ambaye mwandishi alimpitisha mlangoni akamsahau. Hapa Mtongwe, ambapo kreni za bandari ya Kilindini zinaonekana ng'ambo ya maji, vijana wanaandika hivyo kwenye simu na kutumiana katika vikundi vya WhatsApp. Wengi wameanzia kwenye vitabu teule vya shule. Mwalimu amewaambia waendeleze kisa kwa insha, insha ikamalizika lakini hamu haikumalizika.

Kila mara linakuja swali lilelile: je, huu ni wizi? Naamini historia yetu ya Pwani ina jibu, na jibu hilo ni pana kuliko lile la sheria tulizoandikiwa.

Muyaka bin Haji wa Mombasa aliishi kati ya miaka ya 1770 na 1840, enzi za Mazrui. Wakati wa vita baina ya Mombasa na Lamu, mashairi yalivuka bahari kabla ya majahazi. Mshairi wa upande mmoja alitupa fumbo, wa upande wa pili akalifumbua na kurudisha lake. Zahidi Mngumi wa Lamu ni mmoja wa waliosimama upande ule. Desturi ya majibizano ilimtaka anayejibu ashike vina na mizani ya aliyemtangulia, na mara nyingi kulirudia neno lake ili wasikilizaji wajue nani anajibiwa. Kumtumia mwenzako hivyo ilikuwa kumkiri. Aliyeficha chanzo ndiye aliyeaibika, kwa sababu waliokuwa barazani walilijua shairi la kwanza kwa moyo.

Mashairi ya Muyaka yalibaki vinywani mwa watu hadi Mwalimu Sikujua alipoyakusanya na kumpa mmishonari W. E. Taylor. Mwaka 1940 William Hichens akayatoa kitabuni kupitia chapa ya Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Tazama mikono ilivyopokezana: Muyaka alitunga, watu wa Mvita wakahifadhi, Sikujua akaandika, Taylor akabeba, Hichens akahariri. Wa kwanza alikuwa amelala kaburini miaka 100.

Sheria ya maandishi ilikuja na Waingereza. Sheria yao ya hakimiliki ya 1911 ilisambazwa katika makoloni, ikimpa mwandishi haki kwa maisha yake na miaka 50 baada ya kifo. Kenya huru ikatunga ya kwake mwaka 1966. Ile tunayoitumia sasa ni ya 2001, iliyoanza kazi 2003 na kuleta Bodi ya Hakimiliki ya Kenya.

Chini ya sheria ya Waingereza ndipo alipozaliwa mpelelezi Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kikachapishwa 1960. Bwana Msa anavuta kiko, anafikiri kwa utulivu, anasoma alama ambazo wengine wanazikanyaga, na pembeni yake yuko rafiki yake Najum, anayeshangaa. Yeyote aliyemsoma Sherlock Holmes anamtambua mara moja. Wakati huo Arthur Conan Doyle alikuwa amefariki miaka 30 tu, na hakimiliki ya vitabu vyake ilikuwa hai. Hata hivyo hapakuwa na kosa. Hakimiliki hulinda maneno na namna kisa kilivyosukwa. Wazo la mpelelezi mwenye kiko na rafiki yake halina mwenyewe. Muhammed Said Abdulla alilichukua wazo akalivika kanzu, akalitembeza katika mashamba ya Unguja, akalipa Kiswahili ambacho Holmes hangekiota. Riwaya ya upelelezi ya Kiswahili imesimama juu ya msingi huo. Kama angeogopa, tungekuwa maskini.

Jambo lenye ugumu zaidi liko kwenye taarabu, na hapa watu wa Mombasa tuna mengi ya kusema.

Mohamed Khamis Juma Bhalo, aliyefariki 2014, alitawala arusi za Pwani kwa miongo. Mtindo wake mkubwa ulikuwa kuchukua lahani za filamu za Kihindi na kuzitia maneno ya Kiswahili, mengi yakiwa ya binamu yake Ahmad Nassir, yule Malenga wa Mvita ambaye diwani yake ilichapwa 1971. Watu walitoka sinema wakiinong'ona nyimbo ya Bombay, na baada ya muda waliisikia kwenye kesha la arusi ikisema mambo yao wenyewe: penzi lililoharibika, rafiki mnafiki, subira. Kanda zikatoka kwa Mbwana Radio Service na wengineo, kisha zikanakiliwa tena na tena mitaani hadi sauti ikakwaruza.

Chukua kanda moja kama hiyo uwape mawakili. Lahani ni ya mtungaji wa India, na kwa kuwa India na Kenya zote zimo katika Mkataba wa Berne wa hakimiliki, Kenya tangu 1993, kazi yake inalindwa Mombasa kama ya Mkenya. Maneno ni ya malenga. Uimbaji una haki zake, na rekodi ni ya aliyegharimia kurekodi. Yule kijana wa Likoni aliyenakili kanda na kuiuza kwenye foleni ya feri hakuwa na haki yoyote. Na bado, kama kila mmoja angesubiri karatasi kutoka Bombay, Pwani isingekuwa na Juma Bhalo tuliyemjua. Sisemi mtungaji wa Kihindi hakustahili chochote. Alistahili kutajwa, na pale fedha zilipopatikana alistahili sehemu yake. Ninachosema ni kwamba Juma Bhalo na yule muuza kanda za kunakili hawawezi kuwekwa kapu moja. Mmoja aliongeza kitu duniani. Mwingine alizidisha idadi tu.

Tusijidanganye pia kwamba Pwani ni ya kuchukua tu. Tumechukuliwa sana. Malaika ilirekodiwa na Fadhili William mwanzoni mwa miaka ya 1960, Adam Salim wa Tanzania akadai ni yake tangu miaka ya 1940, na wakati wakibishana, wimbo ulikwenda zake: Miriam Makeba akauimba, Boney M wakauimba 1981. Jambo Bwana, iliyotungwa na Teddy Kalanda Harrison wa Them Mushrooms na kutolewa 1982, imeimbwa na bendi za mahoteli na vikundi vya nchi za mbali kana kwamba iliokotwa ufukweni. Kampuni ya Disney nayo ilisajili maneno hakuna matata kuwa alama yake ya biashara ya mavazi Marekani mwaka 2003, na ombi la kupinga lilipoanzishwa mwaka 2018 na Mzimbabwe, watu kwa maelfu walitia saini. Alama ya biashara ni sheria nyingine, lakini uchungu ni uleule. Msanii wa Pwani akilia kwamba anahitaji hakimiliki, ana sababu.

Sasa turudi kwa kijana wetu na simu yake. Kifungu cha 26 cha sheria ya Kenya kinampa mwenye kazi mamlaka juu ya kunakili, kutafsiri na kuigeuza kazi yake. Matumizi ya haki yanaruhusiwa kwa utafiti wa kisayansi, matumizi ya binafsi, uhakiki na kuripoti habari, mradi chanzo kitajwe. Mtu akiandika mwendelezo wa Siku Njema katika daftari lake, hilo ni lake. Akiutuma kwa mamia, neno binafsi linaanza kupwaya. Akiuchapa na kuuza, anahitaji idhini, kwani mwandishi wake, Ken Walibora, alifariki Aprili 2020 na kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2070. Vikundi vinavyozunguka shuleni kuigiza vitabu teule kwa kiingilio vinapaswa kulijua hili vizuri kuliko yeyote.

Kuna kifungu kingine kinachotugusa zaidi, cha 22. Kinasema kazi haipati hakimiliki mpaka iandikwe, irekodiwe au iwekwe katika umbo linaloshikika. Mama anayetunga vugo papo hapo kwenye arusi ya Mtongwe, akimchoma wifi kwa mafumbo, hana hakimiliki hadi hapo mtu atakaporekodi. Akirekodiwa, maneno yanabaki yake, lakini rekodi inakuwa ya mwenye simu. Wangapi kati ya mama zetu wamewahi kuambiwa hivyo? Utamaduni ambao umeishi kwa mdomo umewekewa mlango ambao ufunguo wake ni kalamu. Sheria ya 2016 ya kulinda maarifa na sanaa za jadi ilijaribu kurekebisha, ikazipa jamii haki ya kutoa au kunyima idhini sanaa zao zinapotakiwa na wageni. Kwa macho ya sheria hiyo, Liongo wa masimulizi ana wenyewe, nao ni wengi.

Kwingine duniani mabishano haya yamefika mahakamani. Marekani, Alice Randall alisimulia upya ulimwengu wa Gone with the Wind kwa sauti ya binti aliyezaliwa utumwani. Warithi wa Margaret Mitchell wakataka kitabu kizuiwe, na mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya Atlanta ikakataa kukizuia, ikiona kwamba kilikuwa kinakikosoa kitabu cha kwanza. Miaka minane baadaye, Fredrik Colting wa Sweden alimwandika shujaa wa J. D. Salinger akiwa mzee. Jaji wa New York alikisimamisha kitabu hicho, na ugomvi ukaisha kwa mapatano kwamba hakitauzwa Marekani maadamu hakimiliki ya Salinger ingali hai. Tofauti ya kesi hizi mbili inastahili kufikiriwa na kila mwenye kalamu hapa. Randall alijibu. Colting, machoni mwa jaji yule, aliendeleza tu. Majibizano ya Muyaka yangepita katika mahakama ya Atlanta. Takhmisi ya Sayyid Abdallah sina hakika, ingawa kwangu ndiyo yenye heshima kubwa zaidi, kwa kuwa imeacha kila neno la mwenyewe mahali pake.

Sheria ya Kenya haitaji kujibu wala kuendeleza. Huo ndio upungufu ambao Bunge linapaswa kuuziba: atakayeendeleza kazi ya mwingine bila malipo, akamtaja mwenyewe wazi na bila kumvunjia heshima, asihesabiwe mvunja sheria. Waandishi hawatapoteza shilingi. Msomaji anayekesha akiandika mwendelezo wa kitabu ndiye atakayenunua kitabu kijacho. Bodi ya Hakimiliki nayo inaweza kuanza kesho, bila kungoja Bunge, kwa kutoa mwongozo mfupi wa Kiswahili chepesi na kuufikisha shuleni, Likoni, Kisauni na Changamwe zikiwemo. Wachapishaji waweke ukurasa mmoja nyuma ya kitabu: hili waruhusiwa, hili tuandikie kwanza.

Na wewe kijana unayeandika, taja jina la uliyemfuata juu kabisa ya kazi yako, wala usiiuze bila idhini. Kama unataka uwanja usio na mwenye kukuuliza, upo. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, na miaka yake 50 iliisha na mwaka 2012. Katika Kusadikika, Karama anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, na katika utetezi wake anawataja wajumbe sita waliotumwa pande zote kutafuta manufaa ya nchi, wakarudi na kutupwa gerezani. Shaaban Robert hakutuambia walizungumza nini humo ndani. Andika wewe.