Kwa nini ekra mbili hazisikilizani: historia fupi ya pikseli

Leo siandiki juu ya udongo wala mihogo. Nataka tuongee kitu kilichonipatisha haya mbele ya wazee, kiisha kikanipeleka kutafuta historia yake.

Nilikuwa na mkataba mfupi wa kuchora ramani ya mashamba ya kahawa upande wa Kalehe. Ku biro kulikuwa mashini kubwa ya mezani, ekra ya inchi 27, pikseli 5120 kwa 2880. Juu ya hiyo ekra, hata jina ndogo la mkulima lilisomeka safi. Siku ya kuonyesha kazi, tukaunganisha ekra ya pili ya inchi 24, ile ya kawaida ya 1920 kwa 1080, tukaigeuza upande wa wazee. Ramani ikatokea, lakini majina yote yakawa kama siafu. Nikaingia mu menyu, nikachagua namba kubwa nikifikiri nitazilinganisha. Sasa ikawa ukungu.

Mzee mmoja akaniuliza: "Kijana, shamba yangu iko wapi? Jina yangu siione." Mama aliyekuwa karibu yake akasema hawawezi kutia sinyatire ku kitu hawaone. Walikuwa wametembea masaa mengi. Mkutano ukavunjika, na feza ya transpori ya kuwarudisha ikatoka mfukoni mwangu.

Nilianza kwa kulaumu ekra. Kumbe kosa lilikuwa langu, na lina historia ya miaka zaidi ya 40.

Tuanze na 1981, wakati IBM ilitoa mashini yake ya kwanza ya mtu binafsi. Kadi yake ya rangi, CGA, ilitoa pikseli 320 kwa 200 na rangi 4, ao 640 kwa 200 na rangi 2 tu. 1984 ikaja EGA, 640 kwa 350. 1987 ikaja VGA, 640 kwa 480, na ile plagi ya meno 15 ambayo wengi wetu tumeiona ku projekta za auditoire.

Wakati ule ekra zilikuwa za bomba la kioo, zile nzito zenye mgongo mrefu. Mshale wa elektroni ulikuwa unapita mstari kwa mstari juu ya kioo, njo maana bomba halikuwa na hesabu moja tu ya pikseli iliyofungwa. Tatizo lilikuwa mwendo. Kama mashini inatuma mistari kwa mwendo ambao ekra haiwezi kufuata, picha inazunguka ovyo, na ekra zingine za zamani ziliweza hata kuharibika. Katikati ya miaka ya 80, kampuni ya NEC ya Japani ikauza ekra ya MultiSync, iliyoweza kufuata mwendo mbalimbali.

Lakini mashini ingejua namna gani ekra inaweza nini? Zamani mtumiaji mwenyewe njo alikuwa anaandika. 1994, shirika la VESA likatoa kanuni ya EDID: ekra inabeba ndani yake karatasi ndogo ya bayiti 128, inayosema nani aliitengeneza, ukubwa wake, na namba gani inakubali. Ni kama mwanafunzi anaonyesha karte yake ku mlango. Hata leo, ukiunganisha waya, hicho njo kitu cha kwanza mashini inasoma.

Kiisha zikaja ekra bapa za LCD, na hapo kanuni ikabadilika kabisa. Ndani ya LCD kila pikseli ni kitu halisi, kimekaa fasi yake. Sisi wa agronomia tunaelewa haraka: kama shamba lina mashimo 1080 yaliyokwisha chimbwa, hauwezi kupanda mistari 1440 ndani yake. Utaweka mche nusu huku, nusu kule. Ule ukungu niliouona ulitoka hapo. Ekra ya LCD ina namba moja yake ya kuzaliwa, na ukiilazimisha ingine, inakisia rangi za katikati.

Sasa tufike ku kosa la pili, la herufi ndogo. Programu nyingi zilizaliwa zikihesabu pikseli. Macintosh ya 1984 ilikuwa na pikseli 72 mu inchi moja. Windows ikazoea kuhesabu 96. 2001 IBM ikauza ekra T220, pikseli 3840 kwa 2400 ndani ya inchi 22 hivi, zaidi ya 200 mu kila inchi. Picha ilikuwa ya ajabu, lakini programu zilizozoea 96 zilichora herufi kama mbegu za mchicha.

Dawa iliyoenea ni kuzidisha kwa mbili. Apple ilifanya hivyo ku iPhone 4 mwaka 2010, ku MacBook Pro mwaka 2012, na ku iMac ya inchi 27 mwaka 2014. Angalia hesabu: iMac ya inchi 27 ya 2009 ilikuwa 2560 kwa 1440, ile ya 2014 ni 5120 kwa 2880, mara mbili kamili pande zote. Pikseli nne zinafanya kazi ya moja. Windows nayo, ku toleo 8.1 la 2013, ikaanza kupa kila ekra kipimo chake.

Mashini yangu ilikuwa na pikseli karibu 218 mu inchi, ekra ya wazee 92. Ramani niliitoa kama picha ya upana wa 5120, herufi za pikseli 20. Ikibanwa kuingia mu 1920, herufi inabaki na pikseli 7 na nusu. Hakuna menyu inayoweza kurudisha kile kilichokwisha potea. Na ukitaka ekra ya pili ya 4K, angalia waya pia: HDMI 1.4 ya 2009 inapitisha 3840 kwa 2160 kwa picha 30 tu kila sekonde. 60 zilikuja na HDMI 2.0 mwaka 2013.

Nilirudi baada ya wiki mbili. Ekra niliiacha ku 1920 kwa 1080, namba yake yenyewe. Ramani niliikata karatasi tatu, kila kilima na yake, zimechorwa kwa kipimo hicho, herufi kubwa. Yule mzee akasimama karibu, akasoma jina lake, akanyamaza kidogo. Kiisha akaweka kidole: "Hapa umekata shamba ya jirani yangu." Alikuwa na haki. Nilikuwa nimepitisha mpaka vibaya ku kijito. Jirani mwenyewe alikuwa amekaa nyuma, na siku ya kwanza hakuna aliyeweza kuona hilo kosa.

Tulisahihisha palepale, kiisha wakatia sinyatire. Wewe unayeandaa ramani ao memware yako ku ekra kubwa nzuri, uliza kwanza watu wataisomea ku ekra gani, ufungue kazi juu ya hiyo siku moja mbele.