Mateka wa Freretown: Jubilii Iliyotutangulia

Katika Mambo ya Walawi 25, mwaka wa hamsini baragumu ilipigwa na mtumwa akarudi kwa jamaa yake. Lakini asiyejua jamaa yake waliko angerudi wapi? Hapa Kenya swali hilo lilifika na majahazi.

Mwaka 1874 CMS ilimtuma Mchungaji W. S. Price Mombasa kuanzisha makao ya watumwa walioachiliwa, bara, mkabala wa kisiwa. Palipewa jina la Sir Bartle Frere, aliyekwenda Zanzibar mwaka 1873 kumshawishi Sultan Barghash akomeshe biashara hiyo baharini. Meli za kivita za Uingereza zilikamata majahazi, na Wayao, Wamakua, Wanyasa na wengine wakashushwa Freretown, wengi wakiwa watoto. Kila mmoja alikuja na lugha yake. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, wakasali nacho, wakaimba nacho.

Tusidhani walipendana mara moja. Waafrika waliosomeshwa Nasik, India, walijiona wastaarabu kuliko waliotua jana, na wao wenyewe walilalamika kwamba wamishonari wazungu hawakuwatendea sawa. Huko nje wote waliitwa "mateka," jina lililowafuata hata watoto waliozaliwa huru. Kwangu hilo ndilo zito zaidi, maana halikuhitaji mnyororo wala soko, lilihitaji mdomo tu. Na sisi tunajua jinsi swali la "huyu ni wa wapi?" linavyonong'onezwa kabla ya kuamua nani ataongoza wimbo.

William Jones alikuwa mmoja wa "mateka" hao, aliyeuzwa utotoni na kusomeshwa India. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimbariki kuwa shemasi, akasafiri naye kuelekea Uganda. Hannington alipouawa Busoga, Jones ndiye aliyeongoza msafara, wenye njaa na majonzi, kurudi Rabai. Sijui kama kuna aliyemuuliza kabila njiani.

Mzaliwa wa Freretown, James Juma Mbotela, aliandika habari za wazee hao katika Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa 1934. Leonard Mambo Mbotela tulimsikiliza redioni miaka mingi akituuliza, "Je, huu ni ungwana?"

Kengele ya Freretown bado ipo kando ya barabara, Nyali. Makanga wa matatu huita jina la kituo kutwa nzima: Kengeleni!